Siku Uliyoshuka Kwenye Baiskeli Bila Kisingizio

Magamba, jioni

Eliza mwanangu,

Umekwenda kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua shangazi yako hatakuachia mpaka umekula tena. Basi nina nafasi. Baba yako anakamua ng'ombe, maharage yanachemka yenyewe jikoni, na mimi nimekaa hapa barazani na kalamu yako uliyoisahau mezani. Usiitafute, ninayo.

Najua unachosubiri. Tangu uitwe kazini Mgwashi kuwa afisa ugani (semeni mnavyotaka huko ofisini, hapa kijijini wewe ni bibi shamba tu), umeniomba jambo moja. Hukuomba godoro wala sufuria. Umeomba nikuruhusu uondoke na baiskeli, na uondoke ukiiendesha mwenyewe, kutoka hapa nyumbani mpaka Lushoto, Soni, Bumbuli, hadi huko kwenye kazi yako. Juzi ukasema, "Mama, ukikataa nitapanda gari, na baiskeli itabaki hapa kwako. Maana kama huniamini kwenye mteremko unaoujua, utalalaje nikiwa kwenye miteremko usiyoijua? Lakini sitanuna." Hapo ndipo uliponimaliza. Ungenuna, ningekukatalia vizuri na usingizi ningeupata.

Nilisema nitafikiri, nawe ukaenda zako kusafisha mnyororo kwa mswaki wa zamani wa baba yako. Jibu limo humu ndani. Usianze kurukaruka mistari ukilitafuta, nakujua tabia yako. Ya kufunga mlango, kuchemsha maji na kwenda kanisani sikuandikii, hayo unayajua, na usiyoyajua utafundishwa na njaa. Mimi nataka tuzungumze habari za baiskeli, na nimeona niandike kwa sababu mimi na wewe tukianza kuzungumza tunakatizana, mwisho tunacheka, na neno lenyewe halisemwi.

Nianzie Mazinde. Ulikuwa umefaulu kwenda sekondari, na shule ilikuwa mbali, nikasema mwanangu hatatembea kwenye baridi ile ya asubuhi kama nilivyotembea mimi. Nikasikia kuna mtu pale Mazinde, kando ya barabara kuu, anauza baiskeli za mtumba. Nikashuka mlima. Jua la kule chini, mwee! Nilifika nguo zimeshikana na mgongo. Yule muuzaji akanitolea baiskeli yenyewe: matairi mapana, gia, breki za diski, shokapu mbele, nyuma kavu. "Mama, hii ndiyo ya milimani," akasema. "Hii imetengenezwa kwa ajili ya watu kama ninyi." Nikamwambia naijaribu kwanza, mimi si mjinga.

Nikapanda, nikazunguka. Eliza, ile baiskeli iliteleza kama mtu anayesukumwa na malaika. Gia laini, breki zinashika, shokapu inanesa. Nikaenda mpaka kwenye kibanda cha mkaa nikarudi, watu wananitazama, nikajiona msichana. Nikalipa hapo hapo bila kubishana sana, nikaipandisha juu ya gari, nikarudi nayo nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyelamba dume.

Sasa niambie wewe uliyesoma: ni mtu gani wa Magamba anayekwenda kujaribu baiskeli ya mlimani Mazinde? Mazinde ni tambarare kama meza! Pale hata toroli lina breki nzuri. Kesho yake tukaiteremsha pale kwetu kwenye njia ya mtoni, na mlima ukaanza kunieleza nilichonunua. Gia nyepesi haikuingia hata kwa maombi. Shokapu ilikuwa ikizama haitaki kurudi. Breki ya nyuma ulikuwa ukiibana mpaka vidole vinakuwa vyeupe, nayo inatafakari. Baba yako akaizunguka, akaigusa hapa na pale, akasema, "Ni nzuri. Ina rangi." Ndivyo alivyo, anakutukana huku anakusifu.

Lakini ilikuwa yako, nawe uliipenda. Uliifuta kila siku. Mimi nikasema basi, tutaiboresha kidogo kidogo. Na hapo ndipo nilipoanza kuharibu.

Kwanza nilitaka keria. Mtoto ana madaftari, na siku ya soko kuna karoti, keria haikosi kazi. Nikaipeleka kwa mchomeleaji. Wala hakuna aliyejua, mimi wala yeye, kwamba fremu ile si chuma cha kawaida, ni aluminiamu. Alipogusisha tu, cheche moja, ikayeyuka kama samli. Mungu alisaidia lilikuwa lile sikio dogo la pembeni karibu na gurudumu, si bomba lenyewe. Tukatazamana. Akasema, "Mama, hii baiskeli ni ya aina gani?" Nikamjibu, "Ni ya Mazinde." Tundu lile bado lipo mpaka leo, na keria yako imeshikwa na vibanio vya fundi Hoza pale Lushoto, na inashika kuliko ambavyo ingeshika kwa kuchomelewa.

Halafu ikaja ile foku nyekundu, ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Nafikiri hata sasa ukiikumbuka unacheka. Niliiona kwa mtu, inang'aa, ina shokapu ndefu, nikasema hii ndiyo. Sikuuliza kama inalingana na fremu yetu. Fundi Hoza akaifunga kwa sababu nilimsimamia kichwani, na baiskeli ikainua pua juu kama mbuzi anayetaka kula majani ya mtini. Ukiwa unapanda mlima, gurudumu la mbele lilikuwa likitangatanga, huku, kule, wewe unahangaika nalo mpaka machozi. Nawe kwa heshima yako hukusema neno, ulisema tu, "Mama, inapendeza." Na ni kweli ilipendeza. Kina mama wa kwaya waliniuliza nimeitoa wapi. Nilikuwa nimenunua maneno ya kina mama wa kwaya, wewe ndiye uliyekuwa unayapandisha mlimani kila asubuhi.

Siku ile ile ningeweza kununua pedi za breki. Zilikuwa zimekwisha, nilijua, ulikuwa umeniambia. Lakini pedi za breki nani anaziona? Ni vipande viwili vidogo vya kubana diski, vimejificha, havisifiwi na mtu.

Baadaye tulizinunua, na hizo mpya zikawa zinalia. Asubuhi ya umande ukizigusa tu, zinapiga yowe kijiji kizima kinaamka. Jirani zetu walianza kunipa salamu za asubuhi kwa kejeli, "Onga maundo, tumekusikia mwanao anaondoka." Mimi na aibu zangu. Sisi tumelelewa hivi: kitu kikilia, kipe mafuta. Mlango, bawaba, cherehani, hata mtoto akilia masikio tunamdondoshea mafuta. Basi nikachukua alizeti, wewe ukiwa unakunywa chai, nikaipaka diski mbele na nyuma, vizuri kabisa, kwa kitambaa. Nikakuambia, "Nenda, leo hutasikika." Ukauliza nimefanya nini, nikasema mkubwa akisema nenda, nenda. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe ulisikia la mkuu, ukavunjika bega.

Sisimulii mteremko ule, uliokuwepo ni wewe. Mimi nakumbuka tu nilipokukuta umekaa kwenye majani ya ng'ombe ya mzee wa pale kona, umeshika mkono, uso umejaa matope, na ukaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, breki zimenyamaza." Eliza, nilitaka ardhi inimeze. Kama yasingekuwa yale majani marefu, kama yule mzee angekuwa ameyakata wiki ile, leo ningekuwa naandika barua nyingine, au siandiki kabisa. Mfupa uliunga. Pedi zilitupwa, fundi akasema zimekwisha kunywa mafuta, hazifai tena. Nami nikaweka amri: baiskeli utaendesha tambarare na kupanda, lakini kushuka mlima, isipokuwa nipo nakuona, hapana. Nawe uliishika amri ile miaka yote, hata ulipokuwa msichana mkubwa, hata ulipokuwa ukirudi likizo kutoka chuoni. Uliikokota baiskeli mlimani mbele ya watu kwa sababu ya hofu yangu.

Breki zako zinalia mpaka leo, na sasa ndiyo sauti ninayoipenda kuliko kengele ya usharika. Nikizisikia pale kona jioni najua ni wewe, naweka chai jikoni.

Ulipokwenda chuoni baiskeli ikawa yangu. Hapa nikuambie jambo ambalo hulijui, na usimwambie baba yako, ingawa nadhani anajua. Nilikuwa naogopa kushuka. Mimi niliyekutungia sheria, nilikuwa nikifika juu ya mteremko nabana breki zote mbili nasimama. Lakini ningewezaje kushuka nikaikokota? Mimi mama mwenye baiskeli ya gia, Magamba nzima inanijua! Basi nikapata ujanja. Unajua kwetu huwezi kumwamkia mzee ukiwa umekaa juu ya baiskeli. Lazima usimame, ushuke, useme shikamoo ukiwa chini kama mtu aliyelelewa. Basi mimi nikawa nikifika pale juu, natafuta mzee. Nikimwona yeyote mwenye mvi nashuka haraka, "Shikamoo baba," naulizia ng'ombe, naulizia mgongo wake, naulizia mjukuu aliyeko Muheza, huku tunatembea pamoja na baiskeli ipo mkononi, mpaka tunafika chini. Chini tunaagana, napanda, naondoka kama malkia. Watu wakawa wanasema, mama Eliza ana heshima, jamani. Ana baiskeli lakini hana majivuno. Mchungaji alinitaja mpaka kwenye mahubiri!

Siku moja tukatoka kanisani, mvua ilikuwa imenyesha usiku, kina mama wa kwaya wako nyuma yangu wanakuja kwa miguu, keria imejaa karoti za sadaka nilizonunua kwenye mnada wa mavuno. Nikafika pale juu. Nikatazama chini, hakuna mzee. Nikatazama kushoto, hakuna. Siku hiyo wazee wote walikuwa wamebaki kanisani kwenye kikao. Nikajifanya natengeneza kilemba, nasubiri. Hakuna. Na sauti za kina mama zinakaribia, na mmoja wao anasema, "Mnamwona? Sasa atashuka kama mshale." Mshale! Nikasema moyoni, Bwana upo, nikaachia.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, na mimi niliicheza ngoma hiyo mbele ya kwaya nzima. Sikumbuki vizuri. Nakumbuka kitenge kimeingia kwenye mnyororo, nakumbuka mtaro. Karoti zilitangulia mpaka pale kona. Nilipofika nyumbani nikichechemea, baba yako akanitazama toka juu mpaka chini, akauliza, "Karoti zimepona?" Nilinuna siku nzima, kisha usiku tukacheka mpaka mbwa akabweka.

Lakini nilipokuwa nimelala na goti limevimba nilifikiri sana. Mwanangu, niliumia kwa kukosa mzee wa kumwamkia. Ningeweza kushuka kwenye baiskeli bila sababu yoyote, nikasema tu leo njia ni mbaya. Hakuna aliyenikataza. Nilikuwa nahitaji kisingizio ili niwe na akili, na kilipokosekana nikaona afadhali nivunjike kuliko watu wajue naogopa. Nimefanya hivyo kwenye mambo mengi maishani, si baiskeli tu. Nilibaki kwenye kikundi kile cha kina mama cha kufuga kuku muda mrefu baada ya kujua kuku wote watakufa, kwa sababu nilikosa sababu nzuri ya kutoka. Nilimkubalia mjomba wako shamba la bondeni wakati moyo wangu ulikuwa unasema hapana. Unaniona nina mdomo, lakini kuna siku mdomo huo umeshindwa kusema neno moja dogo.

Baada ya mtaro ndipo baiskeli ikaanza kuwa baiskeli. Nikaenda kwa Hoza, nikamwambia, ile foku nyekundu toa, rudisha ya zamani. Akaifungua ile ya zamani, ikatoka matope ya miaka mingi, akaisafisha, akaitia gresi mpya, ikaanza kunesa tena kama ilivyonesa Mazinde. Halafu nikamuuliza, ungekuwa wewe, unaishi kwetu, ungeanza wapi? Akacheka, akasema, "Mama, siku zote unakuja umeshaamua." Tukabadilisha waya za breki. Tukaweka matairi yenye meno makubwa ya kushika utelezi. Nyuma akaweka gurudumu kubwa la meno ya mnyororo, ndiyo maana sasa unapanda ukiwa umekaa, huku unaongea na watu. Zile pedeli za plastiki zilizokuwa zikiteleza zikipata tope, tukaziweka za chuma zenye vijino, zile zilizokuchuna ugoko ulipokuja likizo ukanilaumu. Hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza nimezitoa wapi. Ukiitazama kwa mbali ni ile ile baiskeli ya mtumba, rangi imechubuka, haina sifa. Ukiipanda ndipo unajua.

Kwa hiyo ukifika Mgwashi, wewe mwenye mshahara wako, usiwe na haraka ya kuifanyia mambo. Iendeshe kwanza masika nzima. Barabara ya kule itakuambia inataka nini, na huenda inataka kitu ambacho mimi na Hoza hatukukifikiria. Ikitaka, kipe. Na ikifika siku fremu yenyewe imechoka, iache kwa amani, usiendelee kuivalisha vitu vipya kwa sababu tu ilikuwa ya mama. Mimi sitaumia. Nitaumia kidogo.

Na ya watu ni hivyo hivyo. Utakuta wenzako kazini wanapanda pikipiki, watakuuliza unateseka nini. Waache waulize. Utakuta wakulima wanaokuona mtoto mdogo, na mwanamke, umekuja kuwafundisha viazi. Shuka, waamkie, sikiliza kwanza. Wala usishuke kwa ujanja wangu ule, shuka kwa sababu ni wakubwa wako.

Sasa nikuambie jibu, maana naona umeshaanza kuhema.

Jumapili iliyopita mvua ilinyesha wakati wa ibada. Nilibaki kwenye ngazi za kanisa nikizungumza na mama mchungaji, wewe ukatangulia na baiskeli. Nilikuona ukifika pale juu ya mteremko, si mbali na tuliposimama, pale pale. Ukasimama. Mama mchungaji anaongea habari za kitambaa cha altare, simsikii. Njia ilikuwa tope tupu, na pembeni wamejaa vijana wa bodaboda wanasubiri abiria. Najua ulijua kuwa nilikuwa nakutazama, kwa hiyo kwa amri yangu ulikuwa na ruhusa. Ungeweza kushuka umekaa, na mimi nisingesema kitu. Nikatazama kama kuna mzee anakuja, nakuombea upate mzee, unaona nilivyo! Hakuna mtu.

Ukabana breki ya mbele, ukabana ya nyuma. Ukatazama tope. Halafu ukashuka kwenye baiskeli. Ukashuka hivi hivi tu, kama mtu anayeshuka kitandani. Kijana mmoja akapiga kelele, "Dada! Baiskeli imekushinda?" Wote wakacheka. Nilikusikia mwenyewe ukimjibu bila hata kupandisha sauti, "Leo kuna utelezi." Basi. Hukusema una haraka, hukusema tairi, hukusema mama amenikataza, na ungeweza kusema hivyo, ningekuwa kisingizio kizuri. Ukaikokota mpaka chini, tope likaisha, ukapanda, ukaenda.

Mimi nikalia pale kwenye ngazi, mama mchungaji akadhani ni kitambaa cha altare.

Eliza, nilikuwa naogopa barabara ya Soni, naogopa Bumbuli, naogopa miteremko ya huko ambayo siijui hata majina. Siku ile hofu ilinitoka. Milima bado ni ile ile. Lakini mtu anayeweza kushuka mbele ya watu wanaomcheka, bila kuomba sababu kwa mtu, huyo mimi sina cha kumlinda zaidi. Nilitakiwa nikuambie jioni ile ile. Sikukuambia kwa sababu nilikuwa nafurahia kubembelezwa, umekuwa mpole sana wiki hii, umenichotea maji hata siku ambayo si zamu yako. Nisamehe, hapana, usinisamehe, ilikuwa raha.

Nenda na baiskeli yako. Iendeshe. Amri yangu naifuta kuanzia leo, na siiwekei badala.

Nitabaki bila baiskeli na nitabaki bila wewe. Baiskeli nitaizoea kuikosa, nina miguu. Wewe sijui. Nyumba hii itakuwa na nafasi kubwa mno, na baba yako si mwongeaji, nitalazimika kuzungumza na ng'ombe. Lakini nina furaha, mwanangu, na nataka ujue ni furaha ya kweli. Nimekulea, umekua, umepata kazi ya kuwasaidia watu wanaolima kama sisi, na unakwenda kwenye kazi hiyo kwa miguu yako mwenyewe ukikanyaga pedeli. Nini kingine ningemwomba Mungu?

Baba yako amekwisha kukamua, namsikia anaweka ndoo chini. Nimemwambia nilichoamua. Akasema, "Mimi nilishamfungia pampu kwenye fremu tangu jana." Hata hakuniuliza! Na baiskeli yake ile ya chuma ameshaitia upepo, maana kesho naichukua mimi. Mgeni husindikizwa, na mtoto wa nyumbani zaidi. Nitakusindikiza tupite Lushoto, mpaka pale barabara ya Soni inapoanza kuteremka. Hapo nitasimama, kwa sababu ile baiskeli ya baba yako haina breki za maana na mimi sasa nimepata akili.

Tutaomba hapo hapo, kwa kifupi. Halafu utapanda, utaondoka.

Nakuomba kitu kimoja, na hiki ndicho kigumu kwangu kukiandika. Usigeuke kunitazama. Ukigeuza kichwa kwenye mteremko, baiskeli inafuata macho, na pale kuna kona na malori. Mimi nitakuwa nimesimama napunga mkono, nitapunga mpaka utakapopotea na nitapunga tena baadaye kidogo. Wewe usinipungie. Tazama mbele, mwanangu, na mikono yako yote miwili iwe kwenye breki.

Ni mimi,
Mama yako